Ukuta Ukitembea, Joto Linafanya Nini?

Hotuba kwa mafundi, wakaangaji wa kahawa, wakulima na wanafunzi, Mbeya, mwezi wa Juni. Nimeiandika upya nikitumia kumbukumbu na karatasi niliyokuwa nayo mkononi, nikaongeza maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi mliofunga karakana asubuhi hii mkijua wateja watanuna, mama zetu wa vikundi vya kahawa kutoka Mbozi, wakulima wa viazi mliotoka Kitulo na Njombe, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke kirahisi: ugonile, kamwene, na shikamooni wote mnaostahili.

Kwenye ratiba mmeona imeandikwa kwamba nitazungumzia mwendo wa hewa na maji ndani ya vyombo vyenye joto na kuta zinazotembea. Nilipoisoma nilicheka. Mtu akisikia ukuta unatembea anafikiria tetemeko, na sisi tunaokaa Bonde la Ufa hatuupendi utani huo. Lakini ukuta ninaousema mnao. Mwenye pipa la kukaangia kahawa anao. Mwenye mashine ya kusaga anao. Mkulima mwenye shamba bondeni anao pia, ila wake hauonekani kwa macho, na huyo nitamfikia.

Nianze na aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Miaka mingi iliyopita, cheti changu kikiwa bado kinanukia wino, kikundi kimoja cha akina mama kiliniomba niwatengenezee pipa kubwa la kukaangia. Walikuwa nalo la zamani, kipenyo chake sentimita 30, likizungushwa na mota ndogo mara 60 kwa dakika. Lilikaanga vizuri, ila kidogo kidogo, na wateja walikuwa wameongezeka. Nikapiga hesabu ya haraka: kila kitu mara mbili. Kipenyo sentimita 60. Majiko mawili chini badala ya moja. Mizunguko nikaiacha palepale 60, kwa kuwa mota ilikuwepo, gia zilikuwepo, na mimi nilikuwa na haraka ya kulipwa.

Siku ya kulijaribu walialika watu. Soda zikapangwa mezani. Dakika kama 12 hivi zilipopita, moshi ukaanza kutoka, na haukuwa ule moshi mtamu wa kahawa. Tukazima moto, tukafungua. Kahawa ilikuwa imejipanga ukutani kama plasta: upande unaogusa chuma umekuwa mkaa, upande wa ndani bado una rangi ya majani makavu. Mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, alichungulia, akanitazama, akasema taratibu, "Baba, kahawa yako imelala ukutani." Soda walikunywa. Pipa nilirudi nalo.

Kosa la kwanza ni rahisi kulieleza. Punje ikizungushwa na pipa hupanda hadi mahali fulani, kisha uzito wake huishinda na inadondoka. Ukiongeza mwendo, inapanda zaidi kabla ya kudondoka. Kuna mwendo ambao ukifika hapo punje inapita juu kabisa bila kudondoka. Inazunguka na chuma kama abiria aliyefungwa mkanda. Kwa pipa la sentimita 30 mwendo huo ni mizunguko kama 77 kwa dakika. Kwa pipa la sentimita 60 ni kama 55 tu. Lile dogo, kwa mizunguko 60, lilikuwa chini ya mpaka. Langu kubwa lilikuwa juu ya mpaka. Pipa linapokua mwendo wa kuzunguka unapaswa kupungua, na mimi nilidhani nikiuacha ulivyo ndiyo nimefanya haki.

Kosa la pili lilinichukua miaka kulielewa, na ndilo limenileta hapa. Lilihusu hewa.

Chukua pipa la duara, tupu, lizungushe sawasawa kwa muda wa kutosha, halina moto wala kitu ndani. Mwishowe hewa yote iliyomo huzunguka pamoja na pipa kana kwamba ni kitu kigumu kimoja. Tone la moshi ukiliweka karibu na ukuta litabaki karibu na ukuta. Hakuna kinachovuka kwenda katikati. Yaani ukuta unatembea, mota inakula umeme, na hewa haichanganyiki hata kidogo! Ndiyo maana fundi aliyefundwa huchomelea vibao ndani ya pipa. Vibao vinaizoa kahawa na kuimwaga katikati ya hewa ya moto, na punje zikianguka zinaivuruga hewa hiyo. Mimi vibao niliviacha nikiokoa vyuma.

Basi tuweke mambo vizuri. Shuleni mlifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Kuna mpitisho, kama mpini wa kijiko cha chuma unavyokuunguza. Kuna mnururisho, kama jua linavyokuchoma uso huku hewa ya Mbeya ikiwa baridi. Na kuna myuko, ambao wengine mlifundishwa kuuita msafara: hewa au maji yanabeba joto na kutembea nalo. Leo tuko kwenye myuko, na ndani ya chombo chenye ukuta unaotembea myuko una wasukumaji wawili.

Msukumaji wa kwanza ni ukuta wenyewe. Hewa inayogusa chuma haitelezi juu ya chuma, inanata. Tabaka hilo linalivuta tabaka la jirani, nalo linamvuta jirani yake, na kiasi cha kuvutana huko ndicho tunachokiita mnato. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mdogo, hewa mdogo zaidi. Msukumaji huyu hana masharti: ukuta ukisogea hata kwa mwendo wa kinyonga, hewa iliyo jirani inasogea.

Wa pili ni joto. Hewa ikipata moto inatanuka, ikitanuka inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inapanda, na nzito inashuka kuchukua nafasi yake. Huyu ana masharti. Mfaransa Henri Bénard alipopasha tabaka jembamba la kimiminika kutoka chini, mwaka 1900, aliona limegawanyika kuwa vyumba vidogo vya pembe sita, vimepangika kama sega la nyuki. Mwaka 1916 Lord Rayleigh akaja na hesabu ya kueleza jambo hilo: joto la chini haliwezi kuamsha mzunguko mpaka nguvu ya kupanda izidi ukinzani wa mnato na kusambaa kwa joto lenyewe. Kwa tabaka lililobanwa kati ya bamba mbili ngumu, namba inayopima shindano hilo lazima ifike 1,708. Chini ya hapo joto linapita kimyakimya kwa mpitisho, hakuna kinachosogea. (Kwa upande wa hesabu safi, hii ni moja ya namba ninazozipenda kuliko zote, lakini mwenyekiti ananiangalia.)

Sasa swali la fundi: wasukumaji hawa wawili wakiwa ndani ya chombo kimoja, nani anatawala? Jibu lake ndilo linalokuambia pesa yako uiweke kwenye mota au kwenye moto.

Nimekuja na boksi hili la kioo, msogee mlione. Upana wake sentimita 20, kimo sentimita 20. Ukuta wa kushoto nyuma yake kuna maji ya digrii 40, wa kulia yana digrii 20. Juu, badala ya mfuniko, kuna mkanda wa nailoni unaogusa maji, unavutwa na mota ya kifuta vioo cha gari niliyoinunua kwa wauza vipuri chakavu. Nikigeuza waya za betri, mkanda unarudi kinyume. Rangi ni ile ya keki.

Mkanda ukiwa umesimama, mnaona rangi inapanda kushoto penye joto, inavuka juu, inashuka kulia. Ni mzunguko wa joto peke yake. Nikiuwasha mkanda polepole, sentimita 3 kwa sekunde, karibu hakuna kilichobadilika. Nikiuongeza hadi sentimita 35 kwa sekunde, joto limekuwa abiria. Duara lote linafuata mkanda, na hata tukizima joto la kushoto hamtaona tofauti kubwa ya mwendo.

Sasa nauweka katikati, kama sentimita 11 kwa sekunde. Hapa ndipo penye utamu. Mkanda ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, unavuta maji kule kule joto linakoyapeleka, wanasaidiana. Duara ni moja, kubwa, na upande wa baridi unapata joto upesi. Angalieni nikigeuza waya. Mkanda sasa unakwenda kulia kwenda kushoto. Rangi imepasuka sehemu mbili: juu kuna duara la mkanda, chini kuna duara la joto, yanazunguka kinyume na yanasuguana katikati. Joto linakwama. Umeme ni uleule, maji ni yaleyale, tofauti ya digrii ni ileile, na kazi imepungua kwa sababu tu ya waya mbili.

Nimejuaje kwamba ni sentimita 11 na si 5 au 50? Kuna namba ya kupimia ugomvi huu. Chukua 9.81 ya mvutano wa dunia, zidisha kwa kiasi ambacho kitu kinatanuka kwa kila digrii, zidisha kwa tofauti ya digrii, zidisha kwa kimo cha chombo. Kisha gawanya kwa mwendo wa ukuta uliozidishwa kwa wenyewe. Ikikaribia 1, wasukumaji wanalingana. Ikishuka chini ya 0.1 ukuta unatawala. Ikipanda juu ya 10 joto linatawala. Kwa boksi hili, sentimita 11 zinatoa 1, sentimita 3 zinatoa 13, na 35 zinatoa karibu 0.1. Inaitwa namba ya Richardson.

Mniruhusu dakika moja nimtaje mwenye jina. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza wa dhehebu la Wakweka, watu wasioshika silaha. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja hakwenda kupigana. Alikwenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi. Kule, katika muda wa kupumzika, alikuwa akipiga hesabu kwa mkono za kutabiri hali ya hewa ya saa 6 tu, kwa takwimu za tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilisema kanieneo ya hewa itapanda kwa hektopaskali 145, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alikosea vibaya sana. Na bado mwaka 1922 alichapisha kazi yote, pamoja na kosa lake, bila kuficha. Leo utabiri unaousikia redioni unapigwa kwa njia iliyozaliwa na ile yake. Nikimkumbuka na pipa langu la sentimita 60 najisikia nafuu kidogo.

Turudi Mbozi. Pipa la sentimita 30, ndani hewa ina digrii kama 200, na tofauti kati ya chuma na hewa tuseme digrii 40. Ukilizungusha mara 50 kwa dakika, ukuta unakwenda karibu mita 0.8 kwa sekunde, na namba ya Richardson ni 0.4. Punguza mizunguko iwe 25: namba inapanda hadi 1.6. Ukipunguza zaidi hadi 10, inafika 10. Mmeona? Mwendo umepungua nusu, namba imepanda mara nne, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo yule anayezungusha kwa mkono, akichoka na kupunguza kasi, habadilishi ladha kwa bahati mbaya tu. Amehama kutoka ufalme mmoja kwenda mwingine bila kujua.

Nisiwadanganye: pipa lenye kahawa si boksi langu la kioo. Kahawa yenyewe inabeba joto kwa kugusa chuma, punje zinaanguka, vibao vinavuruga, na wengine mna feni inayovuta hewa. Namba hii haikupi ladha. Inakuonyesha mahali pa kuweka mkono kwanza. Ikiwa uko 0.4, ukiongeza mwendo utapata kidogo sana na utaukaribia ule mpaka wa kulala ukutani. Ikiwa uko 10, basi mota yako inageuza punje tu, hewa inaendeshwa na moto, na tatizo la kuungua upande mmoja litafute kwenye mpangilio wa jiko.

Fundi mmoja aliniuliza jana: hapa tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, je, hesabu hizi zinabadilika? Swali zuri sana. Hewa yetu ina uzito kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Joto linapojaribu kuiamsha, nguvu yake dhidi ya mnato inashuka hadi kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Lakini ukuta nao unapata hasara hiyohiyo ya wepesi, na ukiangalia namba ya Richardson utaona uzito wa hewa haumo kabisa. Mizani kati ya wasukumaji wawili ni ileile Mbeya na Dar. Kinachopungua ni mzigo wa joto ambao kila lita ya hewa inaweza kubeba. Kwa hiyo mtu akikuletea pipa kutoka pwani, usibadilishe mizunguko; tegemea kuhitaji hewa nyingi zaidi.

Kabla sijahamia shambani, neno kuhusu kona. Boksi langu ni la mraba, na mkigusa macho kwenye kona za chini mtaona rangi imekaa tu. Keith Moffatt alionyesha mwaka 1964 kwamba ndani ya kona kama hizi kuna kijiduara kidogo cha maji, na ndani zaidi kuna kingine kidogo zaidi kinachozunguka kinyume, na kingine, bila mwisho, kila kimoja dhaifu kuliko kilichotangulia kwa zaidi ya mara 1,000. Yaani kona inasogea kwa jina tu. Mama anayepika uji anajua hili kwa mwiko: uji unashika pale mwiko usipofika. Ukichomelea tangi la maziwa au la kuchanganyia sabuni, usiache kona za pembe mraba ukatumaini mchanganyiko utazifikia. Hautazifikia.

Kuhusu mashine za kusaga nitapita haraka. Zile za zamani zenye bushi za shaba, shafti inazunguka ndani ya mafuta, na nafasi ya mafuta ni sehemu ndogo ya milimita. Hapo joto la kupanda halina nafasi kabisa, chumba ni chembamba mno. Ukuta unatawala peke yake, na joto lenyewe linazaliwa na msuguano wa mafuta. Shafti ya milimita 50, bushi ya urefu huohuo, nafasi ya milimita 0.05, mizunguko 900 kwa dakika, mafuta mepesi: unapata karibu wati 26 za joto ndani ya kitu unachokifunika kwa kiganja. Mwingereza Beauchamp Tower alipochunguza bushi za namna hiyo, miaka ya 1880, alitoboa tundu juu akaliziba kwa kizibo, mafuta yakakitupa nje. Akaziba kwa mti, yakautupa tena. Ndipo ikajulikana kwamba shafti inayozunguka inajitengenezea msukumo mkubwa wa mafuta na kuelea juu yake, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu yake. Dereva wa lori anayepanda Kitonga na mzigo anabebwa na jambo hilohilo ndani ya injini.

Na nyinyi wanafunzi mnaopenda kompyuta: boksi lenye mfuniko unaotembea ndilo mtihani wa kila programu ya mwendo wa maji na hewa. Mwaka 1982 Ghia, Ghia na Shin walichapisha majibu waliyoyapata kwa gridi hadi ya pointi 257 kwa 257, na hadi leo mtu akiandika programu mpya anajipima nayo. Kwa boksi lenye ukuta mmoja wa moto na mmoja wa baridi, bila mkanda, kipimo ni cha de Vahl Davis, mwaka 1983. Anzeni na hayo mawili, kompyuta ya kawaida inatosha. Msianze na pipa la kahawa kama nilivyoanza mimi.

Sasa bondeni. Wenzetu wa Kitulo na Njombe, huu ni mwezi wenu mbaya. Usiku hakuna mawingu, ardhi inatoa joto lake kwenda angani kwa mnururisho, hewa inayoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka mteremkoni kama maji na kujaa bondeni. Asubuhi umande umeganda, majani ya viazi yamekuwa meusi kwa wale walio chini, na jirani aliye mita chache juu yake hana habari.

Liangalieni bonde hilo kama boksi. Chini na pembeni ni udongo. Mfuniko ni upepo unaopita juu. Huo ndio ukuta wenu unaotembea. Ila hapa joto liko upande wa pili: hewa nzito ya baridi iko chini na nyepesi iko juu, kwa hiyo tofauti ya joto haimsukumi mtu, inamzuia. Upepo unajaribu kuchota baridi, baridi inakataa kupanda. Bonde la kina cha mita 20, tofauti ya digrii 5 kati ya chini na juu: upepo wa mita 1 kwa sekunde unatoa namba ya Richardson 3.5. Wa mita 2, karibu 0.9. Wa mita 4, karibu 0.2. Mwaka 1961 John Miles na Louis Howard walithibitisha kwamba pale tabaka zinapoteleza moja juu ya nyingine, namba hii ikizidi robo kila mahali, misukosuko midogo haiwezi kukua na kuzivuruga. Ndiyo maana usiku wa upepo mnalala, na usiku uliotulia, ule mzuri wa nyota, ndio unaowaua.

Nilisema sitazidisha dakika 40, nimezidisha. Maswali.

Aliyeuliza wa kwanza ni kijana wa karakana: je, aongeze mota ya pili kwenye pipa lake ili kahawa iive sawasawa? Nilimuuliza moto wake uko wapi. Akasema jiko lake liko pembeni, si katikati, kwa sababu ya mguu wa meza. Nikamwambia asinunue mota. Mota yake ni ya fezi tatu. Abadilishane waya mbili kati ya tatu, pipa lizunguke kinyume, akaange kundi moja, alinganishe. Kama yuko karibu na 1, mwelekeo unaweza kumpa zaidi ya kasi, na hautamgharimu kitu. Kama hakuna tofauti, basi mimi na yeye tutahamisha ule mguu wa meza.

Wa pili alikuwa mzee wa Kitulo, mkulima wa viazi, aliyekaa mstari wa mbele muda wote bila kuandika. Alisema, "Mwanangu, sisi huwa tunawasha moto mmoja mkubwa katikati ya shamba. Wengine wanachoma matairi, moshi unakuwa mwingi. Unasaidia?"

Shikamoo mzee. Moshi wa matairi haurudishi joto la ardhi, na unaumiza mapafu. Na moto mmoja mkubwa una kasoro yake: hewa yake ni moto mno, inapanda kwa nguvu, inatoboa lile tabaka la joto lililo juu na kupotea, na ikipanda inavuta hewa baridi kutoka pembeni kuja kuchukua nafasi yake. Umejilipia kuni ili ukaribishe baridi. Mioto midogo mingi, iliyotawanywa, hupanda kidogo tu na kuishia chini ya tabaka lile, ndani ya bonde lako, na joto linabaki humo. Nchi nyingine wenye mashamba ya matunda husimamisha feni kubwa juu ya mnara, zinaisukuma hewa ya joto ya juu ishuke. Wanajitengenezea mfuniko unaotembea pale upepo ulipokataa. Sikushauri ununue feni. Nakushauri ujue kwanza bonde lako lina kina gani na tofauti yake ni digrii ngapi.

Akauliza atajuaje. Nikamwonyesha vipimajoto vinne vya kawaida nilivyokuwa navyo mfukoni, vile vya kuning'iniza ukutani. Akavihesabu, akasema bonde lake lina mti mmoja mrefu katikati na kijana wake anapanda vizuri. Tumepatana Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaliharibu jambo lenyewe.